Wagonjwa wa bima wamejaa, akaunti tupu: hesabu iko hapa

Mkuu, umeuliza inakuwaje kituo binafsi cha afya kinahudumia wagonjwa wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Tanzania) kutwa nzima, vitabu vinaonyesha faida, halafu mwisho wa mwezi mnakopa kulipa mishahara. Ni kwamba mnauza kwa mkopo, na wanaowadai nyie hawana subira hiyo.

Fuata tarehe. Mgonjwa wa Machi 15 anaingia kwenye madai ya Machi. Kukusanya fomu, kukagua na kutuma kunakula mpaka katikati ya Aprili, ndipo siku 60 za Mfuko zinaanza kuhesabiwa. Ni katikati ya Juni, siku 90. Tuseme wagonjwa hao wanawagharimu milioni 2 kwa siku: laki 8 dawa na vitendanishi, milioni 1.2 mishahara na mengineyo. Kwa siku 90 ni milioni 180. Toa milioni 24 kama muuza dawa anawavumilia siku 30. Toa milioni 18 kwa kuwa mishahara inasubiri wastani wa siku 15. Inabaki milioni 138 ya kutoa mfukoni, na itaendelea kukaa nje maadamu mnapokea kadi. Wagonjwa wakiongezeka maradufu, nayo inaongezeka maradufu. Kituo kinachokua haraka ndicho huishiwa dawa kwanza.

Halafu makato, yaani sehemu ya madai ambayo Mfuko unakataa kuilipa. Watu huyaona madogo kwa sababu wanayapima kwenye mauzo. Faida yenu ikiwa asilimia 10 na makato asilimia 8, mmebaki na asilimia 2. Na mengi yanaanzia chumba cha daktari, mhasibu anaonewa tu: mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) imesoma hasi, fomu imeandikwa malaria, ALu (dawa mseto ya malaria) imetolewa. Hiyo ALu haina mlipaji. Au saini ya mgonjwa haipo, au kipimo kimedaiwa na majibu hayajaambatishwa.

Kuhusu bei, kitita cha NHIF (orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipa) kilichoanza Machi 2024 kiligomewa na baadhi ya hospitali binafsi, na si ubishi mtupu. Hospitali ya serikali mishahara ya watumishi wake wengi inatoka Hazina. Ya binafsi inailipa kwa bei ileile ya kitita, ndiyo maana huduma moja humwachia huyu ziada na yule hasara.

Anzeni na haya. Fomu zikaguliwe siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado dirishani, maana saini ya mtu aliyeshapanda daladala huipati. Madai yatoke ndani ya siku 5 baada ya mwezi kufungwa. Kwa mfano huu, siku 10 mlizookoa ni milioni 20. Malipo yakiingia, linganisheni na madai mstari kwa mstari, mpange makato kwa jina la daktari na sababu, mkate rufaa kwa yenye ushahidi. Na vitabuni, makato ya kawaida yatengwe mapema, kabla mwenye kituo hajaanza kugawana faida ambayo bado ni karatasi.