Maswali Yenu: Masista wa Mama Teresa

SWALI: Mhariri, binti yangu ana miaka 19 na anataka kujiunga na Wamisionari wa Upendo, shirika la Mama Teresa. Naogopa ataingia asiweze kutoka. Utaratibu ukoje? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, kuingia ndiko kugumu zaidi. Sheria za Kanisa zinataka anayeanza unovisi (kipindi cha malezi na majaribio ya utawa) awe ametimiza miaka 17, asiwe na ndoa, wala asiwe na deni asiloweza kulilipa. (Hilo la deni wengi hulisahau hadi waulizwe.) Kwanza atakaa nao waonane tabia, kisha upostulanti, yaani maandalizi, ndipo unovisi. Sheria inadai unovisi wa miezi 12 kamili. Akikaa nje ya nyumba ya unovisi zaidi ya miezi 3, mfululizo au kwa vipande, unovisi wote unabatilika na itabidi aanze upya. Kwa hiyo ruhusa ya kwenda kuuguza nyumbani huhesabiwa siku kwa siku.

Zinafuata nadhiri za muda, zisizopungua miaka 3 na kwa kawaida zisizozidi 6. Muda ukiisha, anayetaka kuondoka anaondoka, wala hahitaji kibali cha mtu. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Baada ya hapo ndipo kutoka kunakuwa kuzito: kibali cha kutoka katika shirika kama hili hutolewa na Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa kule Roma.

Mambo ya mali yamalizeni mapema. Kabla ya nadhiri za kwanza atamchagua mtu wa kusimamia alichonacho, na kabla ya za daima ataandika wosia unaotambulika kiserikali. Akitoka hawezi kudai ujira wa miaka aliyotumika, ingawa shirika linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo. Hili aambiwe leo, asije akalisikia siku anafungasha.

SWALI: Watawa wengine wana nadhiri tatu. Hawa ya nne wameitoa wapi?

JIBU: Juu ya ufukara, useja na utii, wanaahidi kuwatumikia maskini wa maskini kwa moyo wote, tena bure. Neno “bure” ndilo lenye uzito, kwa sababu linawafungia njia ya kuendesha shule za karo. Mama Teresa alikuwa akifundisha katika shule ya masista wa Loreto mjini Calcutta (sasa Kolkata), India. Wito wa kwenda kwa maskini aliupata mwaka 1946, akiwa kwenye treni ya Darjeeling. Aliruhusiwa kutoka mwaka 1948, lakini hakukimbilia vibandani: alipitia kwanza Patna kujifunza uuguzi, kisha akarudi na kuanza na watoto wa mtaa wa Motijhil. Shirika likakubaliwa rasmi tarehe 7 Oktoba 1950.

SWALI: Nataka kujitolea kwenye nyumba ya wanaokaribia kufa. Nijue nini?

JIBU: Nyumba ya kwanza, Nirmal Hriday, ilifunguliwa mwaka 1952 huko Kalighat, mtaa wa Calcutta, katika jengo lililokuwa la mahujaji wa hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Kazi yenyewe ni kufua, kuogesha, kulisha na kugeuza.

Asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, maana nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikaoza. Mnyanyueni wawili kwa shuka. Mkimburuta, ngozi inachubuka na hapo kidonda kinaanza. Tazama visigino, nyonga na juu ya makalio. Panapobaki pekundu baada ya kubonyezwa kwa kidole tayari pameumia, na msipasugue.

Aliyekaa na njaa muda mrefu usimjazie sahani, hata akikulilia. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu, na moyo unaweza kusimama. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, kwa kiasi alichopanga mhudumu wa afya. Anayemeza kwa shida asilishwe akiwa amelala chali.

Ulizia pia dawa za maumivu. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha lawama kwamba Kalighat hawakuwa na dawa kali za kutuliza maumivu. Kwetu sisi lawama hiyo ni ya haki: mgonjwa wa saratani anahitaji mkono wa kumshika, na anahitaji mofini pia. Popote utakapojitolea, uliza nani ana mamlaka ya kuiandika na usiku inatolewa na nani.