Kununiana Nako ni Ugomvi

SWALI: Mimi na mume wangu hatupigani wala hatutukanani, lakini kwa miezi mingi sasa tumenuniana, na tukiwa na la kuambiana tunamtuma binti yetu mwenye miaka 14. Siku hizi amekuwa mkimya na hujifungia chumbani. Ndugu zangu wanasema hiyo ni balehe tu. Je, mtoto anaweza kuumizwa na ugomvi asiousikia?

JIBU: Anaweza, mama, na kusema kweli ugomvi huo anausikia kila anapotumwa. Mwaka 1994 wanasaikolojia Patrick Davies na E. Mark Cummings walieleza kwamba mtoto huutazama uhusiano wa wazazi wake ili ajue kama bado yuko salama, na hilo hulipima kwa sura na ukimya wao, si kwa matusi peke yake. Kijana wa umri wa binti yako hung'amua yanayofichwa kuliko mtoto mdogo, na kwa kuwa haambiwi sababu, huenda akaitunga mwenyewe na kujitia hatiani.

Utafiti mmoja wa mwaka 2004, uliohusisha vijana wa nchi kadhaa zikiwemo Afrika Kusini, Bangladesh, China, Kolombia na Ujerumani, uliutazama pia ugomvi wa chini kwa chini, ule wa kumweka mtoto katikati ya wazazi, ukaona kwamba nao unaambatana na sonona na utovu wa nidhamu. Ninautaja kwa sababu haukufanywa katika nchi za Magharibi peke yake, na kwetu wapo wanaodhani kwamba palipo na ukoo mkubwa mtoto hadhuriki. Bibi au shangazi anayeaminika humpa kijana pa kupumulia, hilo ni kweli, ila hamwondolei mzigo wa kuchagua kati ya baba na mama.

Ndugu zako hawakukosea kabisa, kwani balehe huja na kujitenga. Lakini balehe haikumfanya tarishi. Mwambieni, bila kumsimulia undani, kwamba jambo hili ni la wakubwa na hakulisababisha, na mkipatana hata kwa dogo, msimfiche, maana watoto wanaoshuhudia ugomvi ukisuluhishwa hutulia. Akianza kukosa usingizi, kususia chakula au kusema amechoka kuishi, mpelekeni kwa mshauri nasaha au daktari bila kusubiri. Mume wako asipokubali mazungumzo, anza wewe kwa kuacha kumtuma.