Kabla Hujamshonea Wifi Mfarishi, Soma Majina ya Kanga

Juzi jioni nimepokea ujumbe wa msomaji kutoka Mwanza. Wifi yake ana mimba ya miezi sita, mtoto wa kwanza, naye anataka kumshonea mfarishi wa viraka kwa kanga za zamani za nyumbani kwao. Ameuliza mambo matatu: aanzie wapi, anunue nini, itamchukua muda gani. Nilipofika kwenye neno "wifi" niliweka simu chini nikaenda kuinjika chai. Majibu ya maswali yake ninayo. Lakini nina jambo jingine la kumwambia kwanza, na sijawahi kuliandika hapa.

Neno mfarishi rika la binti yangu hawalitumii sana, wao wanasema komfota. Mfarishi ni kitambaa juu, kitambaa chini, katikati pamba au blanketi kuukuu, vyote vimeshikizwa pamoja kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini. Wa kwanza niliushona mwaka 2009, binti yangu alipochaguliwa kwenda kusoma bweni Lushoto. Sisi watu wa Tanga mjini tunalala na shuka moja, tena feni ikizunguka. Lushoto mwezi wa sita na wa saba ni ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu tulipogawana nguo zake nilipata kanga saba. Zilikaa sandukuni na karafuu. Sikuwa na moyo wa kuzivaa, wala wa kumpa mtu.

Kuzikata ndiko kulikonishinda. Nilishika mkasi nikaurudisha kabatini mara tatu. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, nguo ya marehemu unaikata vipande?" Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninalo. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyofumwa kwa mfululizo, wakakata na kuunga sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo ya kujifunga. Ndiyo maana Mombasa hadi leo kanga wanaiita leso. Kwa hiyo kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuungwa. Mama alivaa kanga maisha yake yote, na mimi nikaunga kanga zake kwa mjukuu wake.

Nilianza na ile aliyokuwa akijitanda akienda sokoni. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, ulikuwa umechakaa mpaka unaona vidole vyako upande wa pili, lakini pindo lilikuwa zima kama la dukani. Nilishona kwa mkono miezi minne, usiku baada ya vyombo kuoshwa. Binti yangu aliporudi likizo ya kwanza aliniambia, "Mama, unanukia bibi." Ameutumia sekondari yote, akaenda nao chuo, na sasa mwanawe anatambaa juu yake. Nimeshona mifarishi kumi na mmoja tangu hapo. Hakuna maneno niliyowahi kuambiwa kuhusu kazi ya mikono yangu yaliyonifikia kama hayo matatu.

Sasa kazi yenyewe. Kanga mpya ina dondo, ule wanga unaoikaza, na ikifuliwa hurudi, yaani husinyaa, kwa hiyo usiikate kabla hujaifua. Loweka kila rangi peke yake mpaka maji yatoke safi, nyekundu hasa, maana hiyo ndiyo inayochuja ikaharibu nyeupe zote za jirani zake. Kanga kuukuu imeshafuliwa mara mia, hiyo ni rahisi. Kwa kitanda cha tano kwa sita kata miraba ya inchi 7. Nusu inchi kila upande inaingia kwenye mshono, inabaki inchi 6. Kumi kwa upana, kumi na mbili kwa urefu, jumla 120. Kanga nzima ukiikata pamoja na mapindo inatoa miraba 48 hivi. Iliyochakaa katikati usiitegemee zaidi ya nusu ya hiyo. Mapindo usiyoyakata miraba usiyatupe, yazungushe pembeni, yanapendeza kuliko kitambaa chochote utakachonunua.

Katikati mimi naweka blanketi la pamba lililolainika. Niliwahi kujaza sufi, lakini ukifua inajikusanya pembeni, sufi ibaki kwenye mito. Ukishatandaza matabaka matatu sakafuni, piga bandi kubwa kubwa, yaani mishono mirefu ya muda, ukianzia katikati kwenda nje, ndipo ushone. Nunua subana, kile kikofia cha kidole. Wengi wanaidharau halafu wiki ya pili kidole kimetoboka.

Asiye na cherehani asikate tamaa. Kuna watu wanaitwa Wasidi, wako Karnataka huko India, mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika, wengi mikononi mwa Wareno wa Goa. Wanawake wao wanashona mfarishi wanaouita kawandi, kwa nguo kuukuu na kwa mkono mtupu. Hawaungi viraka kwanza. Wanaanzia ukingoni, wanakunja makali ya kiraka na kukishona papo hapo juu ya kitambaa cha chini, wanazunguka hivyo mpaka wakutane katikati. Pembe nne wanazitia vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua, na wanasema kawandi isiyo na phula iko uchi. Binti yangu alinionyesha video, na mifarishi yangu minne ya mwisho nimeifanya kwa njia hiyo. Kila nikifika kwenye pembe nawafikiria wale wanawake, damu yetu, wanaoshona nguo kuukuu kama sisi.

Nimefika kwa wifi.

Mwaka 2016 nilimshonea mfarishi wifi yangu, dada wa mume wangu, alipohamia nyumba yake. Wakati ule nilikuwa nauza kanga nyumbani kwa miaka miwili, nachukua Dar mtaa wa Uhuru, narudi na basi. Naye alikuwa ameanza kuuza kanga, mtaa wa pili tu, na wateja wangu kadhaa walihamia kwake. Sikusema neno. Nilisema moyoni kwamba riziki haina mwenyewe, nikaendelea kumshonea. Ulikuwa mfarishi mzuri kuliko yote niliyokuwa nimefanya: bluu na nyeupe, kanga ya korosho, na upande wa kichwani niliacha ukanda mzima pamoja na jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Jina lilikuwa "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Siku ya tisa ulirudi. Aliuleta binti wake wa kazi ndani ya kikapu, umekunjwa vizuri, bila salamu. Usiku mume wangu akaniuliza, "Kwa nini ulimwandikia vile dada?" Nikamwambia sikuandika, jina lilikuwa kwenye kanga. Akasema, "Kanga haijichagui."

Kwa miaka nimewaeleza watu kuwa ilikuwa bahati mbaya, kwamba nilitazama korosho sikutazama maneno. Si kweli. Nilishona ukanda ule usiku tatu, sindano ikipita juu ya kila herufi. Nililisoma. Nilijua wateja wangu wako wapi, nikaliacha pale, nikajiambia ni kwa ajili ya urembo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tunasalimiana. Msibani tunakaa mkeka mmoja, arusini tunasaidiana kupika. Lakini hajala chakula nyumbani kwangu tangu mwaka ule, na watoto wake wakija kwangu huja kwa kuitwa na mjomba wao. Inaniuma hadi leo ninapoandika.

Kwa hiyo dada yangu wa Mwanza, na wengine wote mnaonisoma, nisikilizeni. Zawadi ya kununua unaichagua kwa saa moja. Mfarishi unakaa nao miezi, na miezi yote hiyo unamuwaza utakayempa. Kama una kinyongo naye kitakukaa mapajani pamoja na kitambaa, na kitatafuta pa kutokea. Maliza maneno yenu kwanza. Mpigie simu, nendeni mkazungumze, mlie ikibidi. Kama huwezi, mfarishi huo ushone wa kwako mwenyewe, ulale nao, hakuna ubaya. Mimi ule wa bluu uko kitandani kwangu, na lile jina sikulitoa.

Na soma majina. Nasema tena, soma majina yote, hata vipande. Mraba wa inchi 7 unaweza kubeba neno moja tu, na neno moja linatosha. Kanga ya "Nani kama mama" ukimpa mkwe wako anayehangaika kupata mtoto, umemfanyia nini? Watu wetu wanasoma kanga kuliko wanavyosoma barua. Kama huna uhakika kata jina, geuza maandishi ndani, au tumia kitenge ambacho hakina cha kusema.

Tena, ukishatoa, umetoa. Usiende kukagua. Usiulize, "Mbona siuoni kitandani?" Wa tatu kuutoa niliukuta jirani ameutandika chini ya magunia ya mkaa, nikakasirika mwezi mzima, na kosa lilikuwa langu: nilimshonea ili anisifu. Mshonee mtu atakayelala nao, umtakie usingizi, basi.

Wifi yako ana miezi mitatu mbele yake, muda unatosha. Mfarishi wa mtoto ni miraba 36, sita kwa sita, unakuwa inchi 36 kila upande. Saa moja kila usiku, mwezi mmoja na kitu utakuwa umemaliza. Tumia kanga kuukuu laini tupu, katikati weka tabaka moja jembamba, na usishone vifungo wala shanga, mtoto ataving'oa avimeze. Mwambie wifi mtoto autumie kujilaza na kuchezea akiwa macho tu, mtu mzima yuko karibu. Asimfunike nao usingizini mpaka avuke mwaka, kitu kizito usoni pa mtoto mchanga ni hatari.

Na kabla ya kushika mkasi, zitandaze kanga zote sakafuni, mwite mama mkwe wako, azisome moja moja kwa sauti. Mimi sikumwita mtu.