Maswali na majibu: Stelingi hafi, na hapo ndipo tabu ilipoanzia

Barua za safari hii karibu zote ni za mashujaa wa kuruka na majoho mgongoni. Nimechagua chache. Zile za matusi nazo nimezisoma, asanteni.

Shikamoo mzee. Kila ninapopita nasikia watu wamezichoka filamu za mashujaa. Ni kweli, au mliochoka ni nyinyi wahakiki?

Marahaba. Sisi tulichoka zamani, lisikusumbue hilo. Wa kumwangalia ni mnunua tiketi, na yeye huwa haandiki barua, anaacha tu kwenda. Mwaka 2019 Avengers: Endgame ya studio ya Marvel iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani kote. Novemba 2023 studio ileile ikatoa The Marvels, ikaambulia kama dola milioni 206, chini kuliko filamu yao yoyote iliyotangulia. Mwaka huohuo, kwa majirani na wapinzani wao wa DC, wenye Superman, The Flash ilipata milioni 271 hivi, Shazam! ya pili kama 134, Blue Beetle kama 130. Ingekuwa moja ningesema mafua. Zikiwa nne hiyo ni homa.

Sasa subiri. Mwaka huohuo wa homa, Guardians of the Galaxy ya tatu ilifika milioni 845, na Spider-Man ile ya katuni, Across the Spider-Verse, ikafika kama 690. Mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine ikavuka bilioni 1.3. Mtu aliyeuchoka mpira hapangi foleni kutafuta tiketi. Kwa hiyo anayekwambia joho limekwisha kazi anakudanganya, na anayekwambia mambo ni shwari anakudanganya zaidi.

Nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Siku niliyokwenda kuitazama The Marvels, mbele yangu alikaa baba mmoja na bintiye wa miaka kumi hivi. Filamu haijakolea, baba anainama: "Huyu naye nani?" Binti: "Ametoka kwenye WandaVision." Baba: "Hiyo filamu mbona sikuiona?" Binti: "Si filamu baba, ni sizoni." Akatokea mwingine. "Na huyu?" "Huyo ana sizoni yake mwenyewe, Ms. Marvel." Baba akanyamaza. Kufika katikati nikaona mwanga wa simu umemulika magoti yake: anasoma matokeo ya mechi.

Sikumlaumu. Kalipa kiingilio kamili, halafu kaambiwa kwa adabu kwamba hajafanya kazi ya nyumbani. Mashujaa watatu, na ili uwajue wote ilikupasa uwe umeona filamu moja ya 2019 na sizoni mbili za kwenye intaneti. Kati ya 2021 na 2022 peke yake Marvel Studios walitoa filamu saba na sizoni nane. Nani ana maisha ya namna hiyo? Hata Bob Iger, aliyekuwa bosi wa Disney, wenye Marvel, mwaka 2023 alikiri kwamba wingi wa kazi ulipunguza umakini, na Mei 2024 akasema filamu zitashuka ziwe mbili, zikizidi sana tatu, kwa mwaka. Mwenye duka akikubali kwamba kajaza rafu kupita kiasi, mteja hana haja ya kuendelea kubishana.

Kwa hiyo jibu langu ndilo lilelile mlilozoea kulisikia hapa: watu wamechoka kutazama filamu ambayo ni tangazo la filamu nyingine.

Nataka kuanza kuzitazama za Marvel. Nianzie wapi?

Jamani. Kila mara. Iron Man ya 2008. Ikikupendeza endelea, isipokupendeza umejiokolea miaka.

Captain America: Brave New World imeingiza dola milioni 415 na bado mnasema imefeli. Hesabu hizo mlisomea wapi?

Tulisomea kwa wenye kumbi za sinema, ambao hawafanyi kazi bure. Kwa makadirio ya kawaida, kama nusu ya pesa ya tiketi hubaki kwenye ukumbi, na China studio ya kigeni hurudi na robo tu hivi. Hapo 415 imeshakuwa mia mbili na kidogo. Toa gharama ya kuipiga, iliyotajwa kuwa kama milioni 180. Halafu toa matangazo, yaani mabango, trela na ndege za waigizaji, ambayo hayamo kwenye bajeti inayotajwa na kwa filamu za kimo hicho huweza kupita milioni mia. Kinachobaki kihesabu wewe mwenyewe.

Ila nami nikuonye. Siku hizi kuna vijana wanaojua mapato ya Jumamosi kuliko wanavyoijua stori. Ukitaka namba moja tu ya kuitazama, tazama wikendi ya pili. Ya kwanza watu wamenunua trela. Ya pili wanakwenda kwa kuambiwa na jirani. Ant-Man and the Wasp: Quantumania ilifungua vizuri Februari 2023, kisha wikendi ya pili Marekani mapato yakaporomoka kwa karibu asilimia 70. Majirani walikuwa wamesema.

Na kinyume chake kipo, nacho kinaniuma zaidi. Thunderbolts* ya Marvel, ya 2025, ilisifiwa na wahakiki, na watazamaji wa Marekani waliohojiwa wakitoka ukumbini waliipa alama ya A-. Iliishia kama milioni 382. Filamu nzuri imelipishwa deni la ndugu zake. Uaminifu wa mtazamaji ukishavunjika, anayekuja nyuma yako ndiye anayeadhibiwa.

Nani zaidi, Superman au Hulk?

Walishapigana kwenye vitabu vya picha mwaka 1996, Superman akashinda. Tuendelee.

Zamani mhusika akifa nilikuwa nalia. Siku hizi namtazama anakufa huku natafuna. Nimekuwa na roho ngumu?

Roho yako nzima. Umefundishwa na wao.

Sisi tuliokua na muvi za kupigana tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: stelingi hafi. Atapigwa, atatoka damu, atatumbukia mtoni, adui atacheka, lakini hafi. Tulijua, na bado tulikaa kwenye ncha ya kiti. Kwa nini? Kwa sababu usiku ule ulikuwa na mwisho. Adui akianguka, amekwisha. Maandishi yakipanda, umetoka nje na stori yako kamili mfukoni, kama aliyesikia "hadithi yangu imeishia hapo". Stelingi hakufa lakini stori ilikufa, ikazikwa kwa heshima.

Hawa wa sasa wamegeuza. Wanamuua stelingi ili ulie, kisha stori ndiyo wanayoikatalia kufa. Tony Stark alikufa 2019 kwenye Endgame. Mazishi tuliyaona, shada la maua tuliliona likielea ziwani. Julai 2024, kwenye tamasha la Comic-Con huko San Diego, mwigizaji wake Robert Downey Jr. akavua kinyago jukwaani mbele ya umati uliokuwa ukipiga kelele: amerudi, safari hii kama adui, Doctor Doom. Watasema ni mhusika mwingine. Sawa. Sura ni ile niliyoililia.

Logan je, yaani Wolverine? Alikufa 2017 kwenye filamu iliyobeba jina lake, na kaburi lake lilikuwa na msalaba uliolazwa upande ukawa X. Mwisho bora kabisa wa shujaa niliouona katika aina hii ya filamu. Deadpool & Wolverine inaanza na Deadpool akilifukua kaburi hilohilo, kisha anawapiga askari kwa mifupa ya marehemu. Nilicheka, sikatai. Bilioni 1.3 na ushee, kwa hiyo hata nyinyi mlicheka. Lakini utani ule una bei yake, nayo imelipwa: tangu siku hiyo nikimwona mtu anazikwa kwenye filamu hizi nauliza tu ni nani atakuja na koleo.

Mtaniambia vitabu vya picha vimefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Ni kweli, Superman aliuawa 1992 na mwaka uliofuata akawa amesharudi. Ila mchoro hauzeeki. Mwigizaji anazeeka. Mtu akimcheza mhusika mmoja miaka 11, ukaona mvi zikiingia na macho yakilegea, kuaga kwake kuna uzito ambao karatasi haina. Walikuwa na kitu cha thamani mkononi kuliko vitabu walikozitoa hadithi, wakakitumia kama chenji.

Na hayo malimwengu yao yasiyohesabika, ambamo kila mtu ana pacha wake wa akiba, ndiyo yameniudhi kupita yote. Kama yupo mwingine kama wewe mlango wa pili, nikulilie kwa nini?

Ukweli usemwe: si ni filamu za mashujaa wa kike ndizo zilizoharibu soko?

Hapana. Captain Marvel, mwanamke, 2019, bilioni 1.13. Wonder Woman, 2017, zaidi ya milioni 800. Kraven the Hunter, mwanamume, misuli mitupu, ndevu, simba, 2024, kama milioni 62. Na The Marvels unayotaka kuitolea mfano ilitoka siku moja baada ya mgomo wa waigizaji wa Hollywood wa siku 118 kumalizika, kwa hiyo kampeni yake ilipita bila waigizaji wake kuruhusiwa kuinadi. Filamu haikuwa nzuri, nakubali. Usiitumie kubebea mzigo wako mwingine.

Naomba linki ya kudownload bure.

Sina, na hiyo unayotumiwa kwenye makundi ikikutaka usakinishe programu kwanza, ujue stelingi wa filamu hiyo ni simu yako na hana bahati.

Kwa nini picha siku hizi zinaonekana kama gemu, na pesa inamwagwa kuliko zamani?

Kwa sababu tarehe ya kutoka inapangwa kabla stori haijaiva, halafu stori inabadilishwa wakati mafundi wa kompyuta wameshaanza kujenga. Fundi anayetengeneza mji mzima angani anaambiwa miezi miwili kabla kwamba mji umebadilishwa, sasa ni jangwa. Septemba 2023 mafundi wa picha walioajiriwa moja kwa moja na Marvel walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE, na kati ya waliopiga hakuna hata mmoja aliyekataa. Kura zikikubaliana hivyo, kuna jambo.

Ukitaka kuzijua kazi zilizoharakishwa, acha kutazama milipuko. Tazama miguu. Mtu akitua kutoka ghorofani, ardhi inapokea uzito? Vumbi linaruka kutoka kwenye kisigino au limebandikwa tu karibu yake? Kisha tazama shavu: jua la nyuma linatoka kulia, shavu limeng'aa kushoto. Ukishaona mara moja hutaacha kuona, samahani. Kwenye Iron Man ya kwanza sehemu za ile suti zilijengwa kweli, na studio ya Stan Winston, mwigizaji akazivaa zikambana. Ndiyo maana ile ya 2008 bado inasimama mbele ya nyingine zilizozaliwa miaka 15 baadaye.

Mwongozaji Martin Scorsese alisema hizi si sinema. Si wivu wa wazee tu?

Mtu mwenye filamu za Scorsese hana wa kumwonea wivu. Alizifananisha na bustani za bembea mwaka 2019, mkamrukia. Mimi namkatalia nusu: bembea nayo ina ufundi wake, na nimeshuka kwenye baadhi nikitetemeka vizuri. Nusu nyingine nampa. Bembea inakurudisha palepale ulipopandia.

Wa kumsikiliza zaidi alikuwa mwongozaji mwenzake, Steven Spielberg. Alisema mapema kwamba siku itafika ambapo filamu za mashujaa zitapita njia waliyopita makauboi. Msimsome vibaya: makauboi hawakufutika. Waliacha kuwa chakula cha kila siku, wakawa wanakuja mmoja mmoja, na waliokuja baadaye wengi walikuwa bora kwa sababu ilibidi wawe na cha kusema. Superman wa mwongozaji James Gunn, 2025, amepata kama milioni 616. Si bilioni, lakini ameingia mlangoni bila kuniuliza kama nimeona sizoni yoyote. Nilitoka nikiwa nimetazama filamu moja. Mnakumbuka inavyokuwa?

Kwa maneno yote hayo, Avengers: Doomsday ikitoka Desemba 2026 utakaa nyumbani?

Nitakwenda siku ya kwanza. Na maandishi yakipanda nitabaki kitini kama mjinga, taa zimewashwa, wafagiaji wananipita miguuni, nasubiri kile kipande cha mwisho kinachodokeza filamu ijayo.