Kiraka kinachosoma akili

Mjomba, shikamoo. Mwenzangu kanitumia programu ya kuendesha kwa amri za kuandika; eti inasoma akili ya mwandishi na kugeuza kiraka (faili la mabadiliko ya kutia kwenye msimbo wa programu) kiwe kile alichokusudia. Niitumie kwenye kazi ya watu?
Kijana wa Wete

Marahaba, mwanangu. Umetaniwa! Hata patch, programu ya kutia viraka aliyoiandika Larry Wall mwaka 1985, haisomi akili: inatazama mistari inayozunguka badiliko, na ikisogea huitafuta hapo jirani. Isipoiona hukuachia faili la .rej lenye vipande vilivyokataa kuingia, kama fundi anayekurudishia kanzu na kiraka mkononi. Mimi fundi wangu wa cherehani namweleza nusu saa nzima, na mikono bado anaikosea, sembuse mashine. Tanguliza amri yenye --dry-run, yaani jaribio tu; hiyo haigusi faili lako lolote.