Vidude vya chombo cha anga: kadi ya laini, waya wa umeme na uzi wa cherehani

Vidude ni vipande vidogo unavyobandika juu ya chombo cha anga cha mfano ili kionekane kama mashine halisi. Kabla ya kupaka gundi plastiki yoyote ya kuokoteza, kata kipande kidogo ukizamishe kwenye bakuli la maji, uhakikishe hakijashika hewa. Kikielea, hiyo ni plastiki ya jamii ya PP au PE (polipropilini au polithini), isiyoshika gundi: supaglu itaibandika leo, kesho itabanduka yenyewe, na rangi itafuata nyuma. Bomba la sindano lina umbo zuri mno la injini, lakini linaelea. Kizibo cha soda vilevile. Ukivitaka kwa vyovyote, vitoboe uvifunge kwa waya kwa ndani. Mwili angavu wa kalamu ya Bic unazama na kushika gundi vizuri. Kifuniko chake hapana.

Chagua kipimo mapema. Kwa 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72, mtu wa mita 1.75 anakuwa milimita 24, na mlango wa mita 2 unakuwa milimita 28. Kipimo hicho ndicho kinachoamua nini kinafaa. Ile kadi inayobaki ukishachomoa laini ya simu ina unene wa karibu milimita 0.8, yaani bamba la sentimita 6 hivi kwenye chombo halisi. Ikwaruze kwa kisu na rula ya chuma mara nne kwa mkono mwepesi, kisha ivunje. Ukikandamiza kisu mara moja kitateleza. Kwa mabomba, nunua nusu mita ya waya wa umeme wa 1.5 (milimita za mraba), ule wa uzi mmoja, duka lolote la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya. Menya ganda, kisha uviringishe ule wa shaba chini ya ubao hadi unyooke. Una kipenyo cha milimita 1.4, sawa na bomba la sentimita 10.

Domo la injini ndilo linaloangaliwa kwanza, kwa hiyo lipe muda. Kadi ya mchango wa harusi inafaa kuliko manila, maana ni ngumu na laini juu. Chora kwa bikari matao mawili yenye kitovu kimoja, nusu kipenyo milimita 21 na 42, pembe nyuzi 103, uache milimita 4 za kubandikia. Ukiikunja unapata domo la milimita 24 upande mpana, 12 upande mwembamba, urefu 20. Nywesha supaglu ndani na nje, dirisha likiwa wazi hata kama baridi ya Juni inauma. Na usifutie kwenye sweta: gundi hii ikikutana na sufu au pamba hupata moto wa kuunguza ngozi. Ikikauka, piga msasa namba 400, kisha zungushia uzi wa cherehani kila baada ya milimita 3. Mwanya wa maungio uzibe kwa baikaboneti ya kuokea na tone la gundi. Siyo hamira.

Vidude visitapakae mwili mzima kama ukurutu. Virundike karibu na injini na kwenye mifereji, kwingine paache patupu. Kila bomba litoke mahali na liingie mahali. Vipande vya redio mbovu ni vizuri, ila futa maandishi, la sivyo mtu anaona redio.

Rangi ya kopo la kupuliza, kwa Mbeya, ni ya kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Kiangazi, miezi ya baridi kama Juni, kopo lenyewe huwa la baridi na rangi hutoka kwa matone. Liweke dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si juu ya moto. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, tabaka tatu nyepesi, ukianza na kijivu kisichong'aa kinachoumbua kila mwanya. Siku za mvua na ukungu rangi inaweza kupauka ikawa na utando mweupe. Usiongeze juu yake hapo hapo: iache hadi kesho, ipitishie msasa namba 800 wenye maji, kisha rudia siku kavu.