Unga wa mkaa haukuificha Horten kwenye rada

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa ndege, mwaka wa tatu. Mradi wangu unahusu Horten Ho 229, ile ndege ya kivita ya Wajerumani isiyo na mkia. Kuna video inasema gundi yake ilichanganywa na unga wa mkaa ili rada isiione. Nataka kujaribu kwenye mfano wangu wa plaiwudi. Kilo moja ya gundi niitie mkaa kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Kipimo sikupi, kwa sababu hakipo. Swali la mkaa huu naulizwa kila mara, na kila anayeuliza ameanzia kwenye video.

Habari ya mkaa ilitoka kwa Reimar Horten mwenyewe, mbunifu wa ndege hiyo, lakini aliitoa miaka ya 1980, Vita vya Pili vya Dunia vimeisha zamani. Yeye na kaka yake Walter walipompelekea Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, mchoro wao, shabaha ilikuwa ndege ya kubeba kilo 1,000 za mabomu, umbali wa kilomita 1,000, kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa saa. Mkia uliondolewa ili kupunguza ukinzani wa hewa. Ndugu hao walikuwa wakiunda ndege zisizo na injini wala mkia tangu miaka ya 1930. Mbao walizizoea, na alumini ilikuwa adimu. Mfano wa tatu, V3, ndio uliobaki, nao uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Virginia. Wataalamu wa huko waliuchunguza, mkaa hawakuuona.

Haya, tuseme ulikuwepo. Rada za Waingereza za Chain Home zilitumia mawimbi yenye urefu wa mita 10 hadi 13 hivi. Bawa lote la Horten, ncha hadi ncha, ni mita 16.8. Gundi yenye unene wa milimita chache italifanya nini wimbi la mita 10? Na plaiwudi yenyewe hupitisha mawimbi, yakaenda kugonga fremu ya mabomba ya chuma na injini mbili za jeti, Jumo 004, zilizo ndani.

Northrop Grumman, kampuni ya ndege ya Marekani, walitengeneza mfano wa ukubwa kamili, wakaupima kwa rada. Umbali wa kunaswa ulipungua kwa kama asilimia 20 ukilinganishwa na Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya kawaida ya Wajerumani. Yaani badala ya kilomita 100, 80. Kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, hizo 20 zilizopungua ni sekunde 80. Ukitaka kuupunguza umbali huo kwa nusu, mwangwi, yaani wimbi linalorudi kwenye rada, lazima upungue mara 16. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua gundi.

Kinachoniuma ni kwamba mkaa umefunika swali la kweli. Tarehe 2 Februari 1945 mfano wa pili wa Horten, V2, uliruka kwa injini zake kule Oranienburg, Ujerumani, ukiendeshwa na Erwin Ziller. Tarehe 18 injini moja ilizimika, ndege ikaanguka, Ziller akafa. Ndege isiyo na usukani wa mkia unaizuiaje isigeuke injini moja ikifa, wakati unategemea breki za hewa zilizo kwenye ncha za mabawa? Huo ni mradi. Mtu alikufa humo, na wanaotengeneza video wanapita juu yake kukimbilia unga mweusi.

Unga huohuo bado unauzwa. Leo ni stika ya kubandika nyuma ya simu, eti inafyonza mionzi. Kama kweli ingezuia mawimbi, simu ingeongeza nguvu ya kurusha ili ifike mnarani, na betri ingeisha mapema. Wapo pia wenye rangi ya "kuficha" droni. Anayekuuzia vitu hivi mwulize: inafyonza mawimbi ya masafa gani, kwa unene gani, mwangwi umepungua kiasi gani, na aliyepima ni nani. Nimewauliza wengi. Hutoa simu wakanionyesha video.